Asta za Nyuma ya Banda

Solveig Tollefson alikuwa mtu wa Septemba. Wanawake wengine wa Elvestad walijigamba kwa maua yao mwezi wa sita na wa saba, wakakaribishana chai ili tu wageni wapite bustanini. Ikifika Septemba, bustani zao zilikuwa zimechoka: nyanya zimekauka miguu, alizeti zimeinamisha vichwa, mawaridi yamebaki miiba. Hapo ndipo ukuta wa jikoni kwa Solveig ulipowaka zambarau.

Yalikuwa maua ya asta, ya porini kabisa, yanayojiotea kote Wisconsin kandokando ya barabara na mashamba. Solveig alichimba shina la kwanza karibu na njia ya reli, majira ya kuchipua ambayo binti yake Ardis alikuwa na miaka sita. Alitumia kijiko cha jikoni na kopo tupu la kahawa. Ardis ndiye aliyelibeba kopo hadi nyumbani, amelikumbatia kifuani kama mtoto wa paka.

Jirani yao, Orpha Kjelland, aliwaona wakipanda. Akaegemea uzio, mikono imekunjwa.

"Solveig, hayo ni magugu ya mferejini," alisema. "Hata ng'ombe hawayagusi."

"Basi vizuri," Solveig akajibu, bila kuinua kichwa. "Sikuwa nimepanga kumpa ng'ombe."

Tangu siku hiyo hapakupita mwaka bila Orpha kuyasema. Alikuwa na mawaridi yaliyonunuliwa mjini, yenye vibao vya majina, na aliona haya kuishi pembeni ya mtu anayepanda majani ya reli. Solveig alimsikiliza, akacheka, akaendelea kupalilia.

Kilichomsumbua Ardis utotoni ni ile siku ya katikati ya Juni, kila mwaka, mama yake alipotoka na mkasi mkubwa na kukata asta zote nusu. Mara ya kwanza Ardis alilia kwa sauti.

"Mama, unayaua!"

"Siyaui, nayanyoa. Nikiyaacha yatarefuka kama baba yako, kisha yatalala chini kama baba yako."

Baba, aliyekuwa amejilaza kwenye nyasi na kofia usoni, akasema, "Nimesikia." Wakacheka wote watatu.

Na kweli yaliyonyolewa yalitoa matawi mengi, yakasimama imara, na kila tawi likaja na maua yake: petali nyembamba kama nyuzi zikizunguka kitovu cha njano. Ardis akirudi kutoka shuleni alikuta ukuta mzima unavuma nyuki. Vipepeo wa rangi ya chungwa, wale wanaoelekea kusini kabla ya baridi, walitua hapo kwa makumi, wakanywa, wakaenda zao. Mama alikuwa akimenya tufaha mlangoni na kumwambia, "Kaa hapa kidogo. Usiseme kitu, angalia tu."

Ardis alikua, akaolewa, akahamia Eau Claire, mwendo wa saa mbili kwa gari. Mama yake alifariki mwezi wa pili, wakati ardhi imeganda, haiingii hata sururu. Nyumba ikauzwa kabla theluji haijayeyuka. Ardis alijiambia atarudi akachukue shina moja hali ya hewa ikitulia. Lakini palikuwa na kazi jikoni kwenye shule, kisha ugonjwa mrefu wa mumewe, kisha ukimya wa nyumba ya mjane. Alipoinua kichwa, miaka kumi na moja ilikuwa imepita, na yeye alikuwa na miaka sitini na saba na kiwanja kidogo nyuma ya nyumba kisicho na kitu ila majani.

Septemba hiyo aliwasha gari akaenda Elvestad.

Nyumba ilikuwa imepakwa rangi ya kijivu. Chini ya ukuta wa jikoni palimwagwa kokoto nyeupe, na juu yake vichaka vitatu vilivyokatwa mviringo kama mipira. Mwenye nyumba, mwanamke wa miaka arobaini hivi aitwaye Tamsin, alitoka na mikono yenye unga, akamsikiliza hadi mwisho. Uso wake ukabadilika taratibu.

"Yale marefu ya hapa ukutani?" aliuliza. "Lo, samahani sana, mama. Tuliyang'oa mwaka ule ule wa kwanza. Tulihamia mwezi wa tano na hayakuwa na ua hata moja. Tukadhani ni magugu."

"Hukukosea," Ardis akasema. "Mwezi wa tano yanafanana na magugu kabisa."

"Mngetuambia..."

"Ni kweli. Tungewaambia."

Alikataa kahawa kwa upole, akaenda hadi pale reli ilipokuwa. Vyuma vilikwisha kung'olewa na njia imekuwa ya baiskeli, kingo zake zimefyekwa zikawa kama zulia. Alitembea robo saa kila upande akitazama chini, hakuona hata jani moja. Akarudi kwenye gari alilokuwa ameliacha barabarani, akaketi, akaweka mikono kwenye usukani. Ndipo machozi yakamtoka. Hakuyalilia maua peke yake. Alilia kwa kuwa alikuwa na miaka mingi ya kuja na hakuja.

Kioo kikagongwa.

"Wewe! Unalia mbele ya nyumba yangu, watu watadhani nimekufa."

Alikuwa Orpha, ameegemea fremu yake ya kutembelea, mdogo kuliko Ardis alivyomkumbuka, sweta limefungwa vifungo kombo. Alikuwa na miaka tisini na tatu.

"Bi Orpha! Bado upo?"

"Kama unavyoniona. Wewe ni binti wa Tollefson, kilio ni kile kile. Toka, kahawa ipo."

Jikoni kwa Orpha palinuka tufaha na mdalasini. Ardis alimweleza kilichomleta. Alitarajia kuchekwa, na angekubali. Lakini kikongwe alizungusha tu kikombe juu ya kisahani.

"Nifuate," alisema mwishowe. "Na usiniharakishe."

Walitoka kwa mlango wa nyuma, wakapita kando ya banda la gari, Orpha akisogeza fremu hatua moja moja kwenye majani. Walipopinda kona, Ardis akasimama. Nyuma ya banda, mahali ambapo hakuna mtu barabarani wala kwa jirani angeweza kuona, asta zilisimama kuanzia pembe hadi pembe, zambarau iliyokoza, zikimfikia Orpha mabegani. Zilikuwa zinavuma nyuki.

"Bi Orpha," Ardis alisema polepole, "uliiba?"

"Niliiba."

Orpha alijishusha kwenye benchi la ubao lililokuwa hapo. Lilikuwa limesuguliwa na makalio ya miaka mingi, ushahidi tosha.

"Mume wangu Selmer alifariki Septemba," alisema. "Wewe ulikuwa umeshaolewa. Watu wote walileta bakuli za viazi na nyama, mpaka nikakosa pa kuziweka. Mama yako akaja na ndoo ya haya. Mawaridi yangu yalikuwa yamekwisha, kijiji kizima hakikuwa na ua jingine. Akaiweka ndoo mezani, akavua koti, akaniosha vyombo vyote. Hakusema hata pole. Niliyaangalia wiki nzima. Ndiyo kitu pekee nilichoweza kukiangalia."

"Na ukaiba kwa shukrani?"

"Usinichekeshe, mbavu zangu hazitaki. Majira ya kuchipua yalipofika, nilimsubiri aende kanisani, nikapenya uzio na koleo. Nilikwenda na gauni la Jumapili, fikiria."

"Kwa nini hukumwomba tu? Angekupa shamba zima."

"Miaka ishirini nayaita magugu! Ningeanzia wapi?"

Ardis alikaa kando yake. "Mama hakujua?"

Orpha akatabasamu, meno yote ya bandia nje.

"Juni ile ile nilikuwa hapa hapa nyuma, nimejificha na kopo la maji. Nikamsikia upande wa pili wa uzio, anaongea kwa sauti ya juu kama anazungumza na kuku. Anasema, 'Mtu mwenye mimea mirefu nyuma ya banda, aikate nusu kabla ya mwezi wa saba, la sivyo italala.' Kisha mlango ukafungwa, paa! Hakuyataja tena hadi anakufa. Wala mimi."

Ardis alicheka hadi akashika tumbo. Angeweza kuisikia sauti yenyewe, na alijua hasa uso ambao mama yake alikuwa nao alipoingia jikoni. Ilikuwa ajabu kupata kitu kipya cha mama baada ya miaka yote hiyo, kitu ambacho hakuwahi kukisikia.

"Nipe koleo nichimbe sasa," alisema.

"Sasa hivi, yamechanua? Mama yako angefufuka anichape. Njoo mwezi wa nne, yakianza kutoa macho."

Ardis akamtazama, kisha akaitazama fremu yake ya kutembelea.

"Kama nimekufa," Orpha akamalizia, "koleo liko nyuma ya mlango."

Mwezi wa nne hakuwa amekufa. Alikaa kwenye benchi amejifunika blanketi, akatoa amri. "Vuta shina lote. Sasa ligawe. Hapo katikati pamekuwa kuni, tupa. Chukua vya pembeni, ndivyo vichanga." Tamsin alikuwa amewaona kutoka dirishani kwake wakipita na koleo, akaja na viatu vya matope, akauliza kwa sauti ndogo kama naye anaweza kupata kimoja. Orpha akamwambia achukue viwili, na kwamba akivitia kokoto atamshtaki.

Ardis alipanda vyake tisa Eau Claire, akapanda na mimea mifupi mbele ili kuficha majani ya chini yanayokauka mapema. Katikati ya Juni alitoka na mkasi. Akayakata yote nusu.

Septemba alimpigia Orpha simu.

"Yamechanua," alisema.

"Mangapi?"

"Sijayahesabu. Machache. Tuseme thelathini."

"Mwaka wa kwanza mzuri huo. Huku mimi sioni ukuta wa banda kwa maua. Wamesema usiku wa leo umande utaganda."

"Niyafunike na shuka?"

"Aka! Hayo baridi hayaiogopi. Jifunike wewe."

Ardis alivaa koti la marehemu mumewe, akachukua kahawa yake na kiti cha jikoni, akaenda kukaa nje pamoja na maua.