Vibao Vilivyooshwa

Okeny alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni, akisugua vibao vya mashine kwa brashi ya kufulia. Maji yalinuka. Asubuhi ile kapteni alioshea miguu humo humo, na hakuna aliyeyamwaga kwa sababu bomba lilikuwa kavu tangu Jumatatu.

Kwa miaka miwili mashine hiyo ilikaa chumba cha nyuma cha ofisi moja ya simu hapa Kampala, ikihifadhi namba za simu za watu wa kusikilizwa kwa siri. Namba zenyewe ziliandikwa ndani ya vibao kumi na viwili. Sasa imeletwa mashine nyingine, na vibao vinapelekwa chuo cha ufundi vikatumike tena. Amri ilisema vifutwe kwanza. Kapteni aliposikia kufuta, akaagiza sabuni.

Okeny, fundi pekee pale, alijua sabuni haifuti kitu. Juu ya kila kibao palikuwa na vidude vyeusi vyenye kidirisha cha kioo. Mwanga mkali tu, ukipita hapo, ndio unaofuta kilichoandikwa. Taa ya kazi hiyo iliungua mwaka jana na madukani haipo. Jua nalo lingevifuta kwa wiki moja hivi. Akaendelea kusugua.

Kibao cha saba kilikuwa na namba ya gereji ya Kisenyi, ya kaka yake, Komakech. Askari walimchukua Novemba, mikono ikiwa bado na grisi. Kila ofisi aliyokwenda mkewe Teresa, aliambiwa serikali haimjui mtu huyo, labda amekimbilia Kenya na mwanamke. Polisi mmoja, akichokonoa meno, alimwuliza kama hataki mume mwingine. Jana, kabla mashine haijang'olewa, Okeny alikisoma kibao hicho. Namba ya Komakech ilikuwepo.

Kapteni alitoka na paja la kuku mkononi, akavitazama vibao vinavyong'aa.

"Safi. Anika juu ya bati. Wiki nzima. Mimi sitaki maji kwa vitu ya serikali."

Okeny alijaribu kusema kwamba ndani pana hewa, vitakauka kivulini. Kapteni alimtupia mfupa kifuani.

"Fundi, mimi nimeuliza wewe?"

Okeny akapanda paani. Mfukoni alikuwa na utepe mweusi wa umeme. Aliziba vidirisha vya kibao cha saba kimoja kimoja, jua lisipenye. Alipoinua macho, kichwa cha kapteni kilikuwa kimechomoza kwenye ngazi.

"Hiyo nini?"

"Ya kuzuia maji, afande. Umande usiingie kwa kioo."

Kapteni alikitazama kibao kile, kisha vile kumi na kimoja. Akasonya.

"Wewe mvivu sana. Unafunika moja, zingine zioze? Funika yote."

"Ndiyo, afande."

Kapteni alibaki pale kwenye ngazi, akilamba vidole, mpaka kidirisha cha mwisho kilipozibwa. Kisha akaitisha karatasi, akaandika kwamba vibao vyote kumi na viwili vimefutwa mbele ya macho yake, akaweka sahihi na kuacha alama ya dole lenye mafuta.