Mboga ya Wifi

Kabula hakuwa mtu mbaya, hapana. Ila wivu, jamani, ukimkamata mama wa mtoto mmoja! Yeye alitoka Ziba, Msukuma wa maziwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akaolewa Ulyankulu na Karoli, ambaye wazee wake walitoka Burundi. Huko akamkuta wifi yake, Godeliva, dada wa Karoli, nyumba yake ng'ambo ya uwanja.

Godeliva alikuwa anatumiwa mawese kutoka Kigoma, dumu zima, linakuja na treni. Akipika mboga, uwanja wote unanukia. Basi Irakoze, binti wa Kabula, miaka minne tu, anaacha sahani ya mama yake anakimbilia kwa shangazi. Anarudi mdomo mwekundu, anajilamba.

"Mama, wewe hujui kupika kama shangazi."

Neno hilo likamkaa Kabula kooni kama mwiba wa samaki. Akavuka uwanja.

"Wifi, mwanangu usimlishe tena. Ana mama."

"Kwani nimempa sumu?"

"Umempa hayo mafuta yenu mekundu. Kwetu ya hivyo tunapaka ekseli ya mkokoteni."

Godeliva akacheka mpaka akashika kiuno. "Haya, mama Irakoze. Kaa na mtoto wako."

Akakaa naye kweli. Tangu watu wauze tumbaku mpaka mvua za kwanza, miezi mingi, mtoto akala ugali na maharage, michembe na chai ya rangi, maana ng'ombe wa maziwa walibaki Ziba. Mboga za majani akipikiwa chukuchuku anazitema. Lakini Kabula roho yake kwatu: mtoto wa kwake peke yake.

Halafu Irakoze akaanza kujikwaa. Mchana yuko mzima, anaona vizuri. Jua likizama, anapapasa ukuta. Wenzake wakapata wimbo: "Kuku haoni! Kuku aingie bandani!"

Kabula akamwambia mumewe, "Ni dada yako huyo. Kanyimwa mtoto, kachukua macho."

"Mpeleke zahanati kwanza," Karoli akasema. "Uchawi utatusubiri."

Muuguzi akamtazama mtoto macho, akauliza anakula nini. Kabula akataja.

"Papai? Maboga? Mboga zenye mafuta? Na mawese je, si mnakaa Ulyankulu na Warundi wanaoyapenda?"

Kabula akatikisa kichwa.

"Kapungukiwa vitamini A, mama. Bora umewahi, mngechelewa jicho lingeharibika kabisa." Akamkamulia mtoto matone mdomoni, akasema warudi kesho, na tena baada ya wiki mbili. "Ila matone peke yake hayatoshi. Chakula."

Kabula akapita sokoni, akanunua mawese yake mwenyewe. Akapika, yakaungua. Irakoze akatema. "Nataka ya shangazi."

Ah, siku hiyo ule uwanja ulikuwa mrefu kuliko njia ya Tabora! Alifika mlangoni kwa Godeliva, sufuria mkononi.

"Wifi, nifundishe."

"Ekseli imekauka?"

"Nicheke tu. Mtoto haoni."

Godeliva hakucheka. Akamsogezea kigoda, akaweka moto.

Wiki tatu baadaye, jua limeshazama, Irakoze kakaa mapajani kwa shangazi, analishwa tonge. Kabula kasimama ng'ambo mlangoni kwake, mdomo kaufinya, moyo unachemka kama siku zote.

"Mama!" mtoto akaita kutoka kule kwenye giza. "Mbona umenuna?"