Ubani kwa Mlingoti

Wardah alichimba kwa mikono, maana sepetu ya kampuni ilikuwa imefungiwa garini na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kula. Jua la saa saba la Junda, huku Kisauni, halina adabu. Lilimkalia utosini kama limemwona ni kigoda. Mchanga ulikuwa moto, umejaa vigae na miba ya samaki. Alikuwa akiutafuta waya wa athi, ule wa shaba unaoshuka chini ya mlingoti wa taa kuupokea umeme uliopotea njia, uzame ardhini badala ya kuzama mwilini mwa mtu.

Akaupata. Urefu wake kidole. Umekatwa ukafunikwa saruji, kama jino bovu lililotiwa dhahabu.

Akaenda wa pili: kidole. Wa tatu, ulio mbele ya nyumba yao, pale ulipokuwa ule mkwaju mkongwe kabla haujakatwa, haukuwa na hata hicho kidole.

Injinia Kioko, msimamizi wake, akarudi akijipangusa ukwaju wa viazi karai midomoni.

"Unachimba nini, Wardah? Mihogo?"

"Athi, injinia. Haipo."

"Ipo."

"Nimechimba mpaka kiwiko."

"Basi ilikuwepo, wewe ndiye umeitoa." Akacheka peke yake, na alipotosheka akashusha sauti, karibu kwa upole. "Shaba ukiizika leo, kesho iko kwa wauza vyuma chakavu. Sisi tumewaepusha vijana wa hapa na dhambi ya wizi."

Wardah alitaka kuuliza dhambi yenyewe imekwenda kukaa kwa nani. Lakini mdomo wa mtu anayetafuta sahihi una kufuli, na ufunguo huwa kwa mwenye kalamu.

"Ijumaa mheshimiwa anakuja kuwasha," Kioko akaendelea. "Andika hapo: milingoti yote imepimwa, ni salama. Kisha jina lako."

"Jina langu?"

"Kwani nani aliyetumwa kupima?"

"Sijapima, injinia. Hapana cha kupima."

"Basi kazi imekuwa rahisi." Akamnyooshea kalamu. "Unamjua Brian? Alikuwa hapa mwaka jana, kichwa kizuri kuliko chako. Naye alipenda kuchimba. Mpitie stegi ya Mlaleo, yuko pale na bodaboda yake, muulize shahada inabebwa mbele au nyuma."

Shahada ya uinjinia wa umeme huchukua miaka mitano, na mamake Wardah, Mwanamkasi, aliyeishia darasa la nne, aliyajua masharti yake kama ajuavyo masharti ya udhu. Hisabati za kila rangi. Fizikia. Saketi, mitambo, sumaku. Karakana. Mradi wa mwisho. Kila somo alilolipita Wardah, Mwanamkasi alilifua: mashuka ya matajiri wa Nyali, meupe, mapana, yasiyosamehe doa, mpaka kucha zake zikageuka rangi ya sabuni. "Sasa imebaki atachimenti tu," aliwaambia wanawake bombani, akilitamka neno hilo kama jina la mkwe tajiri. Hakujua, na nani angemwambia, kwamba hiyo miezi ya kazini bila sahihi ya injinia aliyesajiliwa ni bure, na bila hiyo miezi ile miaka mitano nayo ni bure.

Wardah akaichukua kalamu. Mkono ulikuwa na mchanga, ukaacha alama karatasini. Kioko akaipuliza karatasi, akaikunja.

"Ijumaa ya baada ya hiyo uje ofisini Changamwe. Nikitia sahihi ripoti ya taa, natia na karatasi yako ya chuo."

Taa zikawashwa. Mheshimiwa alipiga makofi, naye Bi Zubeda, jirani mkongwe wa mtaa, alimtemea dua na mate kidogo. Mwanamkasi akamshika Wardah bega akamsukuma mbele ya umati. "Huyu ndiye aliyeipima! Mwanangu huyu!" Watu wakamwangalia Wardah, Wardah akaangalia chini, mahali alipopafukia.

Mchana milingoti hulala. Kuna jicho dogo juu ya nguzo kuu, giza likiingia huiita stima, nayo hupita kote. Wardah alilijua jicho hilo. Ndiyo maana kila baada ya Alasiri alikuwa akiwafukuza watoto barazani, akisema kuna nyoka.

Kisha masika yakaanza. Usiku wa kwanza wa mvua, beberu wa Mbarak muuza maji alijisugua kwenye mlingoti ulio mbele ya nyumba yao. Walimkuta asubuhi amekauka miguu juu, macho wazi, hana jeraha, hana povu.

Baraza likakaa, na kwa kuwa wanaume walikuwa wakijadili kama nyama ile ni halali, wanawake ndio waliofikiri.

"Ni stima," alisema Mbarak, ambaye hasara ilikuwa yake.

"Stima gani, na mlingoti umepimwa?" Bi Zubeda akamkata. "Wamemkatia mkwaju wake, wakampandia chuma mlangoni. Weye ungekubali? Mwenye mkwaju karudi kudai nyumba."

Usiku ule Wardah alimfuata mamake uani, alikokuwa akikamua mashuka.

"Mama, usiuguse ule mlingoti. Usianike nguo karibu yake."

Mwanamkasi akaliacha shuka linadondoka. "Kwani una kasoro?"

Wardah akaliinua pindo la shuka lisiguse matope.

"Nakuuliza weye, kwa kuwa weye ndiye uliyeupima. Una kasoro?"

Kesho ilikuwa Ijumaa. Akishaipata sahihi atasema, alikuwa amejiapia hivyo. Atakwenda mwenyewe chuoni, atakwenda kwa chifu, atachimbua kwa mikono mbele ya watu. Ila kwanza sahihi. Siku moja tu. Mchana milingoti hulala.

"Hauna, mama. Lakini usiuguse."

Mwanamkasi akashusha pumzi, akatikisa kichwa kama mtu aliyetatuliwa fumbo.

"Basi ni jini."

Changamwe, Kioko alimweka Wardah kwenye benchi mpaka watu waliporudi kutoka msikitini. Kisha akaitia sahihi karatasi yake bila kusoma, akagonga muhuri.

"Hongera, injinia. Sasa wewe ni wetu." Akamrudishia karatasi, akatabasamu kwa jino moja. "Na ukija kukumbuka mambo ya kuchimba, kumbuka pia: kwenye ile ripoti jina lako ndilo la kwanza."

Aliposhuka stegi, wingu lilikuwa limeinama juu ya Kisauni, jeusi, zito, na kuku walikuwa wakitafuta pa kulala ilhali Alasiri haijaadhiniwa. Mvua ya kwanza ilikuwa imepita. Vichochoro vilikuwa na madimbwi. Harufu ya ubani ikamfikia kabla hajapinda kona.

Wanawake walikuwa wameuzunguka mlingoti. Chetezo kinafuka. Bi Zubeda ameshika sinia ya halua na chupa ya marashi ya mawaridi. Na katikati, peku, maji yakimfika vifundoni, alikuwa Mwanamkasi, na mkononi nguo nyeupe iliyoroweshwa marashi mpaka ikawa inatiririka. Wamempa yeye kuufunga mlingoti. Nani mwingine? Mzazi wa aliyeileta taa ndiye aliyestahili kuiombea radhi.

Wardah akakimbia. Karatasi ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mkono ulioishika ukapanda juu wenyewe.

"Mama! Usiguse! Mama!"

Walichokiona kwanza ni mkono. Kisha karatasi.

"Kapata!" Bi Zubeda akaruka na sinia yake. "Mwana wa Mwanamkasi kapata! Kawa injinia!"

Vigelegele vikapasuka. Vilitoka kwenye vibaraza, kwenye madirisha, kwa wanawake ambao hawakujua hata kilichopatikana, na kila Wardah alipopaza sauti, wao walipaza zaidi, wakidhani anajibu. Viatu vilimtoka. Aliona midomo ya mamake ikitamka neno lile, atachimenti, aliona akijifuta machozi kwa ile nguo yenye marashi, akimcheka mwanawe anayelia kwa furaha.

Kisha Mwanamkasi akageuka, akaunyoosha mkono uliolowa kuelekea chuma.

Juu yao wingu lilifunga kabisa. Lile jicho dogo, ambalo halijui mchana wala usiku ila giza tu, likadhani magharibi imeingia.

Taa ikawaka, nyeupe kama shuka la Nyali.