Salamu za Kwenye Kopo

Msimu ulipokwisha, mkulima mmoja alikwenda dukani kununua nyanya ya kopo, kama walivyofanya majirani zake. Alikuwa amevuna nyingi, lakini lori lilichukua nzuri kuzipeleka kiwandani, mbali, na zilizobaki zilimwozea shambani. Alipotoboa kopo kwa kisu, ikatoka sauti ya mumewe, aliyekwenda kufanya kazi kiwandani huko.

"Hujambo mke wangu? Mashine za huku zina kelele, sijui kama utanisikia."

Akavuta kigoda, akakaa. "Nakusikia. Unakula lakini?"

Mumewe aliendelea tu. Aliuliza kama mtoto amezaliwa. Mtoto mwenyewe alikuwa anatambaa jikoni, mdomo umejaa majivu. Maneno yale yalifungwa koponi zamani.

Kesho yake alirudi dukani. Alipomweleza, mwenye duka, mama wa makamo, wala hakushangaa.

"Mwanangu hunisalimia kwenye maharage," alisema. "Ila usikoroge kabla hajamaliza, shoga. Maneno yanavurugika."

Kwenye kopo la pili mumewe alikuwa na furaha. "Wanasema kiwanda kitajengwa huko kwetu. Kikianza tu, narudi."

Alimbeba mtoto mgongoni akaenda kwenye kiwanja kilichotengwa kwa kiwanda hicho. Alikuta bango lenye picha ya bomba la moshi, rangi imebanduka, na mbuzi wamelala kivulini mwake. Mlinzi alikuwa anachokonoa meno.

"Kiwanda kipo?"

"Kipo, dada. Kimebaki kujengwa tu."

Mavuno yaliyofuata alichuma nyanya akizinong'oneza moja moja. Alizieleza kwamba mtoto ameota meno, kwamba kitanda kimekuwa kikubwa mno, kwamba siku hizi anapika kidogo na bado chakula kinalala. Kisha akazipanga kwenye matenga, akayasogeza barabarani.

Lori lilifika limeshajaa nusu. Dalali akachagua matenga ya wengine.

"Yako tutayapitia safari ijayo, mama."

Jua lilipopanda, nyanya zikaanza kupasuka, na sauti yake mwenyewe ikamwagika barabarani. "Mwanao ameota meno. Kitanda kikubwa. Rudi."

Wapita njia waliisalimia, wakaendelea na safari zao. Yeye alikaa kando, ananyonyesha, anafukuza nzi, mpaka sauti ilipokauka yote. Ndipo akakung'uta matenga, akayabeba, akaenda kulala.