Uzio wa Kipsongo

Ijumaa asubuhi, maji ya bahari yalipoondoka mtaani Kipsongo, Hillary Wamalwa, mwenye shamba, aliegesha trekta kando ya uzio, akamimina chai ya flaski, akasema leo hataki watu wa kupalilia. Anataka wa kubeba mawe.

Uzio huo ni wa kuvulia samaki, wa mawe ya matumbawe, wa zamani sana. Mama mmoja mtaalamu wa mambo ya kale aliletwa kutoka Lamu, akaugusa, akasema wa kwao haujahifadhika vizuri hivi. Umefikaje Kitale, bara kabisa, hakuna aliyemuuliza. Kibao kiliandikwa, choo cha wageni kikajengwa, na Jumapili baada ya kanisa watu wa mjini huleta watoto waone ukuta, kaa wekundu, na minazi miwili iliyoota nyuma ya mashine ya kusaga unga.

Ukuta wenyewe hata kiuno haufiki. Mgeni anauruka na viatu vyake vya kanisani. Lakini mtu wa Kipsongo akiufikia, miguu inakataa kuinuka. Inaufuata ukuta polepole, inapinda nao, mpaka kwenye kona nyembamba wanakosimama wenye mashamba. Hapo wakubwa hupakiwa kwenye trela, wadogo hurudishwa ndani wakue. Jioni vibarua huletwa kabla maji hayajajaa. Utasema ni upuzi, mtu mzima kushindwa na ukuta wa kiuno. Sawa, lakini wewe hukuzaliwa Kipsongo.

Njia ya kutoka ni moja. Mwezi ukiwa mpevu maji hujaa kupita kiasi, watu wa pwani huita bamvua, yakaufunika ukuta. Jioni hiyo mwenye kitu cha kuelea anaweza kupita juu. Bamvua iliyopita Jerop, kibarua wa Wamalwa, alipita na mtungi mtupu. Sasa anauza chai Bungoma, na kurudi hana mpango.

Edinah Nakhungu alikuwa na binti, Ivy, aliyeitwa chuo kikuu kule Kibabii kusomea ualimu. Alitakiwa kuripoti Jumatatu. Bamvua ilikuwa Jumapili. Edinah alilia kwa furaha mbele ya majirani, bila aibu yoyote. Kilichobaki ni godoro, maana mwanafunzi haendi chuo bila godoro, na huyu angevukia juu yake.

"Naongeza mstari mmoja wa mawe," Wamalwa alisema. "Jerop ameniachia magugu, si unaona. Mama Ivy, nikulipe nini?"

"Godoro, mzee."

"Ati godoro? Haya, utapata."

"Lakini ni mstari mmoja kweli?"

"Mmoja tu, mama."

Edinah alipima kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Wakati wa Jerop maji yalipita juu ya ukuta kiasi hicho, na jiwe moja lilikuwa nusu yake. Akaridhika. Alipanga mawe vizuri, akaziba nyufa kwa matope, kwa sababu kazi ya ovyo haijui. Jioni Wamalwa alimletea godoro mpaka mlangoni, likiwa bado ndani ya nailoni. Ni mtu wa kutimiza ahadi, hilo tusimnyime.

Jumamosi jirani wa Edinah, Chepngeno, ambaye mwanawe anaingia kidato cha kwanza, alihitaji sanduku, akaenda kubeba mawe. Naye aliuliza kama ni mstari mmoja, naye akaambiwa mmoja tu. Edinah alishinda ndani akimsuka Ivy nywele.

Jumapili wageni walienda zao, jua likashuka, maji yakaja. Ivy alilala juu ya godoro, karatasi za chuo kifuani, na mama yake akamsukuma hadi maji yalipomfika shingoni.

"Ukifika unipigie."

"Sawa, mama."

Maji yalipanda mpaka ukingo wa juu wa ukuta, yakatulia hapo. Godoro liligonga mawe, nailoni ikachanika, likaanza kunywa maji. Ivy alinyoosha mikono ashike ukingo. Mikono haikushika. Iliufuata ukuta, polepole, ikapinda nao.

Asubuhi Wamalwa alimkuta kwenye kona nyembamba, mama yake kando yake, godoro katikati yao. Alimwangalia kuanzia miguuni.

"Kumbe huyu ameshakua," alisema. Akawashauri waanike godoro juu ya ukuta, wageni wapate pa kukalia.

Waliliinua pamoja. Lilikuwa zito kama maiti. Ivy alipitisha kidole kwenye mawe mapya.

"Mama, huu mstari ni wako?"

"Wangu ni wa chini," Edinah alijibu.

Ivy alisema sawa, akapanda trela.