Kadi Yenye Herufi Zilizofutwa

Dada mtu alikuwa ametimiza miaka kumi na mmoja katika ofisi ile ya kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, na herufi G aliihesabu kuwa mali yake. Basi mhariri mkuu alipompa mdogo wake neno "grab", tena wiki ambayo nafasi ya mhariri msaidizi ilikuwa inatafutiwa mtu, roho ilimuuma. Ulikuwa wivu, tusipambe. Ajira ya pale ofisini si yeye mwenyewe aliyemwombea mdogo mtu, juzijuzi tu?

Na kazi, ukweli usemwe, ilitoka safi. Mdogo mtu alitenganisha kunyakua kwa pupa, kudaka ghafla ili kuokoa, na kujitwalia ardhi ya watu, kila maana na mfano wake. Hapo mhariri mkuu, yule mzee, alikuwa na sheria yake: mfano uwe jambo lililomtokea mwandishi mwenyewe. Kila neno lilipigwa chapa kwenye kadi yake, na pembeni mwandishi akaandika herufi za mwanzo za jina lake kwa penseli.

Saa ya chakula chumba kikabaki kitupu. Dada mtu akachukua kifutio, akafuta herufi za mdogo wake, akaandika zake, akaiweka kadi kwenye trei ya mzee. Zile maana tatu alikwisha kuzichungulia asubuhi. Mifano hakutaka hata kuiona, kwani ingemzidishia kidonda.

Alasiri mzee akamsifu mbele ya wote mpaka masikio yake yakawaka moto. Kisha akasoma mfano wa kudaka kwa sauti: "Lori lilipokuja, dada yangu alinidaka mkono akanivuta, yeye akavunjika kidole."

Mzee akavua miwani.

"Mama, wewe si kifungua mimba kwenu? Dada huyu katoka wapi?"

Dada mtu akaingiza mkono wa kushoto chini ya meza, ule wenye kidole kilichopinda. Alikuwa na miaka tisa siku ile ya lori, na hakuwahi kujua kama mdogo wake anaikumbuka.

Mdogo mtu aliitazama kadi, akayaona mabaki ya penseli. Akasimama polepole.

"Tumeiandika sote wawili, mzee. Mfano huo ndio wangu."

Mzee akaandika majina mawili, akahamia kadi nyingine. Watu wakarudi kwenye kazi zao.

Dada mtu alipaswa kushukuru, na alijua. Lakini alipomtazama mdogo wake akiketi bila hata kumtupia jicho la lawama, alimwonea wivu hata kwa wema huo.