Picha ya Nne

Asubuhi ya arobaini ya mume wangu nilikwenda makaburini na koleo, kumtoa mwanangu juu ya kaburi la baba yake.

Mwanangu yu hai. Anaitwa Modest, anafanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu huko Nzega, na siku ile alitarajiwa kufika kwa basi la saa nne. Lakini sura yake, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, ilikuwa ndani ya fremu ya kioo, imefungwa kwa waya kwenye msalaba ulioandikwa jina la Renatus Mahona.

Mlinzi wa makaburi alinisalimu, "Mwangaluka, mayu," akalitazama lile koleo, akaona bora aendelee kufyeka nyasi zake. Waya ulikuwa umekazwa hasa, koleo likaukata kwa shida. Nilitegemea kwamba nikifika pale peke yangu, bila mawifi kunishika huku na huku, nitalia. Wapi! Nilisimama juu ya udongo wa Renatus nikiwaza kama nimefunga mlango wa kuku. Tangu afe nilikuwa hivyo, kama shavu lililochomwa sindano ya ganzi: unaligusa, unajua ni lako, husikii kitu.

Renatus alikuwa mpigapicha. Studio yake ilikuwa karibu na stesheni ya reli, na kila msimu timu ya Mshale ilimletea wachezaji wake wapigwe picha za leseni. Picha za aina ile hutoka nne katika karatasi moja, na chama cha mpira kilitaka tatu. Ile ya nne Renatus aliibandika kwenye kipande cha manila, akakigeuza, na nyuma yake akapiga mstari wa penseli kwa rula, mahali pa saini. Kisha alingoja. Siku mchezaji anapoingia uwanjani kwa mara ya kwanza, hata kwa dakika mbili, Renatus alimfuata baada ya filimbi ya mwisho, jasho halijamkauka, akampa kalamu. Akishasaini, mstari ulifutwa kwa raba na kadi ikaingia kwenye bati la biskuti. Aliyemaliza msimu bila kucheza alirudishiwa picha yake ndani ya bahasha, kwa adabu zote, kama posa iliyokataliwa.

Hakuna hata mmoja aliyepata jina nje ya Tabora. Golikipa wa mwaka tisini na tatu anauza asali sokoni, na yule winga aliyekuwa akishangiliwa mpaka mabati ya jukwaa yanatetemeka ni katekista huko Ntalikwa, ana kitambi. Kwa Renatus wote walibaki vijana, na aliwajua kwa saini zao kama wengine wanavyowajua ng'ombe wao. Mimi sikulipenda lile bati. Alilifuta vumbi mara nyingi kuliko alivyoniuliza hali.

Modest alisajiliwa Mshale akiwa na miaka kumi na tisa. Alikaa benchi msimu mzima. Mechi ya mwisho kocha alimwinua mara mbili akimbie pembeni kupasha mwili moto, na mara mbili akamrudisha, mpaka mwamuzi akamaliza mpira. Jioni ile alimjia baba yake na kalamu mkononi.

"Baba, nisaini basi."

"Hujacheza."

"Ni mimi, baba."

"Najua ni wewe. Hujacheza."

Nilikuwa palepale nachambua mchele. Ningeweza kusema neno. Niliokota mawe na pumba, nikanyamaza, na hilo limenikaa moyoni miaka kumi na minne. Wiki iliyofuata kijana akaenda Nzega. Alikuja Krismasi, siku mbili, akazungumza na baba yake habari za mvua.

Renatus alipofariki, watu walitaka picha ya kutangulia mbele ya jeneza. Hapo ndipo tulipogundua kwamba mpigapicha wa miaka yote ile hakuwa na picha yake mwenyewe. Ya kitambulisho ilikuwa kama moshi. Wakanigeukia mimi. Nilikuwa nimekaa mkekani, bati liko ubavuni. Nikatia mkono, nikatoa uso wa kwanza uliokuwa uso wa Renatus, nikawapa.

"Alivyokuwa kijana, jamani!" alisema wifi yangu Apolinaria.

Kadi ikapelekwa kukuzwa, ikarudishwa kwenye bati. Mimi hata wangeniletea picha ya askofu ningeitikia kuwa ndiye. Modest alifika jeneza likishushwa, akasimama kuelekea msalaba. Nikaona watu wanatazama picha, wanamtazama yeye, wanarudi kwenye picha. Apolinaria akajiziba mdomo. Sura ya mtu kubebwa mbele ya jeneza na hali mwenyewe anapumua si jambo la kuchekea kwetu. Modest alitupa udongo wake, akanipa mkono, akaenda stendi bila kunywa hata maji. Simu zangu hakupokea. Juzi tu ndipo alipotuma ujumbe: "Nitakuja arobaini. Nitarudi siku hiyo hiyo." Nilijua kwamba akiondoka tena bila kula kwangu, atakaporudi itakuwa siku ya kunizika.

Niliporudi kutoka makaburini, fremu nimeifunga ndani ya kanga, nilimkuta ameshafika, amekaa nje ya nyumba, kwenye benchi lililotoka studio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Basi limewahi."

"Limewahi." Akaitazama kanga. "Umeitoa."

"Nimeitoa. Kosa ni langu, si la shangazi zako. Mkono wangu ndio uliotoa ile picha."

"Uliitoa wapi?"

"Kwenye bati."

"Bati gani?"

"La baba yako. Kwani tuna mabati mangapi humu ndani?"

Hakucheka. Alikaa akitazama viatu vyake vyenye vumbi la Nzega.

"Humo si wanakaa waliosaini," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi sikucheza, mama."

Ajabu ni kwamba sikuwa nimelifikiria hilo. Siku arobaini nililiwaza kosa langu tu. Niliingia ndani, nikalileta bati, nikaliweka mapajani mwake. Kadi zilikuwa zimefungwa kwa mipira ya kufungia noti, kila mwaka fungu lake. Akaipata ya kwake, akaitazama sura kidogo, kisha akaigeuza. Alikaa nayo hivyo mpaka nikaona haya kusimama. Halafu akanipa.

Nyuma hapakuwa na saini. Palikuwa na ule mstari wa penseli. Penseli hufifia, hasa kadi zikisuguana miaka na miaka, lakini mstari huu ulikuwa mweusi, kama wa wiki hii. Nikapitisha kidole. Karatasi ilikuwa imebonyea. Mtu alikuwa ameupiga, akaupiga tena juu yake, mara nyingi, kwa rula, pale pale.

"Kalamu ziko ndani," nilisema.

"Sikucheza," alisema Modest, safari hii kwa sauti ya chini. Akaichukua kadi, akairudisha katikati ya wenzake wa mwaka ule, akakaza mpira, akafunika bati. Akabaki amelishika kwa mikono miwili.

"Misa saa ngapi?"

"Saa sita."

"Kuna chakula?"

"Kipo. Ni kupasha moto tu."

Nilikwenda jikoni nikawasha mkaa, nikabandika sufuria ya wali na nyama. Nilipotaka kuishusha sufuria nilisahau kitambaa, nikaishika kwa vidole vitupu.

"Aa!"

"Nini, mama?" aliita toka nje.

"Nimeungua."

Maumivu yakaja mazima mazima, yakapanda mkono mpaka kifuani. Nikakaa kwenye kigoda, kidole mdomoni, nikaanza kulia. Modest aliingia na bati kwapani. Hakunibembeleza. Aliliweka juu ya meza mbali na moto, akatafuta kitambaa, akashusha sufuria, akaanza kupakua sahani mbili.